Tusipoteze Kura kwa Uvumi wa Ugonjwa



Wakati wa kampeni mambo mengi husemwa. Mengine ni ya kweli, mengine yametiwa chumvi, na mengine ni uongo mtupu. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo moja tu kati ya hayo, nalo ni habari za kwamba mgombea fulani ni mgonjwa. Bila shaka umepata kuzisikia. "Yule hana afya." "Yule alianguka jukwaani." "Yule hatamaliza mwaka, mnamchagua wa nini?" Husemwa kisimani, husemwa kilabuni, na siku hizi husemwa zaidi kwenye simu.

Nitakueleza kwanza kwa nini jambo hili linanikaa moyoni.

Mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza mafunzo yangu ya cheti na kupangiwa darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Mgeta, huku juu kwenye milima ya Uluguru. Darasa lilianza saa kumi jioni, watu wakisharudi mashambani. Wengi walikuwa akina mama wanaolima njegere, kabichi na viazi. Kati yao alikuwako bibi mmoja aliyezidi miaka sitini. Siku ya kwanza nilimwuliza kila mwanakisomo kwa nini amekuja. Mmoja alisema anataka kujua mizani, maana wachuuzi wanampunja. Mwingine alitaka kusoma barua za mwanawe. Bibi yule alisema, "Mimi mwanangu nataka kupiga kura yangu mwenyewe."

Nilidhani hajaelewa swali. Akanieleza. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 alisaidiwa kutia alama kwenye karatasi, kwa sababu hakujua kusoma majina. Kijana wa jirani ndiye aliyemsaidia. "Kijana ni mwema," akasema, "lakini mpaka leo sijui alitia wapi."

Basi akasoma. Alikuwa mzito wa kushika kalamu, vidole vilizoea jembe. Lakini ilipofika Septemba aliweza kusoma jina lake na majina ya wagombea tuliyoyaandika ubaoni. Katika daftari lake alichora visanduku, akafanya mazoezi ya kutia alama ya vema ndani ya kisanduku bila kutoka nje ya mstari. Alijaza kurasa kadhaa.

Kura ilikuwa Jumapili, Oktoba 25, 2015. Jumamosi jioni lori la mazao lilipanda kutoka mjini Morogoro, na mtu mmoja aliyekuwa juu ya lori akaleta habari: mgombea mmoja wa urais amekufa. Amekufa tangu juzi, ila inafichwa ili watu wapige kura. Habari ilipita nyumba hadi nyumba kabla taa hazijawashwa. Bibi yule alikuwa na redio, lakini betri zilikuwa zimekwisha. Jumapili asubuhi alichukua jembe lake akaenda shambani. Nilipomwuliza Jumatatu, alisema, "Nimpigie kura maiti?"

Mgombea mwenyewe alikuwa mzima. Sikumwuliza bibi alikuwa ni yupi, maana kura ni siri ya mtu. Alipojua ukweli hakulia wala hakugomba. Alikaa kwenye dawati akafunga daftari lake. Uchaguzi wa mwaka 2020 haukumkuta, alifariki kabla yake. Kura ile moja, ambayo aliisomea mwaka mzima, ndiyo aliyokuwa nayo.

Na mimi, mwalimu wake, nilifanya nini jioni ile? Sitaficha. Nilisikia habari ile ile. Nilichukua simu nikawapigia watu watatu, nikawauliza, "Hivi umesikia?" Nilijiona nauliza. Kumbe nilikuwa naeneza. Sikuamka kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wanakisomo wangu kwamba hakuna tangazo lolote lililotolewa. Ningeweza kufanya hivyo. Kijiji si kikubwa.

Hebu tuangalie habari ya namna hii inavyokua. Tuseme mgombea amehutubia mjini Morogoro, pale karibu na Msamvu, jua kali, naye akakatisha hotuba akaketi. Hilo ndilo lililoonekana. Abiria akifika Sangasanga anasema mgombea ameishiwa nguvu. Pale Mlali amezirai. Langali amelazwa, na daktari ametikisa kichwa. Ikifika Nyandira, mgombea amekufa na watu wanauliza atazikwa lini. Huenda hakuna hata mmoja njiani aliyekusudia kusema uongo. Kila mmoja ameongeza kijiko kimoja tu cha chumvi. Siku za nyuma safari hiyo ilichukua nusu siku. Leo, kwa simu, inachukua muda wa kuchemsha chai, na sauti iliyorekodiwa husikika kama ushahidi, ingawa mtu yeyote anaweza kujirekodi akisema lolote.

Tena tuna methali moja ambayo hutumika vibaya: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu akibanwa aeleze alikoipata habari, huitoa methali hiyo kama hati ya hakimu. Mimi nasema methali si shahidi. Kwa habari ya kifo hasa, ni kweli kwamba "laja" kwa kila mmoja wetu, kwa hiyo haitufundishi lolote juu ya mgombea.

Sasa tutazame mambo yaliyotokea kweli, katika nchi yetu na kwa jirani.

Agosti 21, 2010, Rais Jakaya Kikwete alikuwa akifungua kampeni zake katika viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam. Katikati ya hotuba akaishiwa nguvu mbele ya watu wote. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ikaelezwa kwamba amefunga na amechoka. Wala haikuwa mara ya kwanza kumtokea hadharani, ndiyo maana maneno yalikuwa mengi sana. Wako waliosema hataifikia siku ya kura. Kura ilipigwa Oktoba 31, akashinda, akaongoza miaka mitano yote mpaka Novemba 5, 2015, akamkabidhi mwenzake. Miaka mingi baada ya hapo alikuwa bado anasafiri na kuhutubia.

Mtu huweza kuanguka kwa sababu nyingi. Jua, njaa, kukosa maji mwilini, sukari kushuka, kusimama muda mrefu, kulala saa tatu kwa siku kwa majuma kadhaa. Wewe mwenyewe umepata kuona mtu akianguka shambani mwezi wa Januari, akapewa kivuli na maji, kesho yake akaonekana analima. Hukusema ukoo wake utafute jembe la kaburi. Mgombea naye ana mwili kama wa mkulima.

Kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 2002, Mwai Kibaki alipata ajali ya gari Desemba 3 akitoka kwenye kampeni. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku chache kabla ya kura. Aliumia mkono na mguu, akapelekwa kutibiwa London. Fikiri, mgombea mkuu wa upinzani yuko kitandani ng'ambo ya bahari, na wenzake akina Raila Odinga wanazunguka nchi nzima kumwombea kura. Bila shaka maneno yalisemwa. Lakini Wakenya hawakurudi mashambani kwa kukata tamaa. Desemba 27 walipiga kura, Kibaki akashinda, na Desemba 30 aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliongoza miaka kumi na kufariki Aprili 2022, akiwa na umri wa miaka 90. Wangapi kati ya waliomhesabia siku mwaka 2002 walitangulia wao?

Nimekuja sasa kwenye mfano ulio karibu nasi zaidi, na nitausema kwa adabu, kwa sababu wote wawili ni marehemu.

Mwaka 2015 wagombea wakubwa walikuwa John Pombe Magufuli wa CCM na Edward Lowassa, aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na vyama vya UKAWA. Juu ya Lowassa yalisemwa mengi kuhusu afya yake. Hotuba zake zilikuwa fupi, na kila hotuba fupi ilihesabiwa kuwa dalili. Kwa upande wa pili, Magufuli alipiga pushapu jukwaani, watu wakashangilia. Ujumbe ulieleweka hata kwa mtoto: huyu mzima, yule mgonjwa. Hesabu ya kura ilipotoka, Magufuli alipata 8,882,935 na Lowassa 6,072,848.

Sitaki kusema kwamba pushapu ndizo zilizoamua. Watu walikuwa na sababu zao nyingi. Nataka uangalie kilichofuata. Februari 2021 Rais Magufuli alikuja Morogoro, akafungua Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wengi wetu tulimwona kwa macho yetu, akisema kwa sauti ile ile. Machi 17, 2021, Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kwamba Rais amefariki. Alisema ni maradhi ya moyo ambayo marehemu aliishi nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka kumi kabla ya 2021. Kumbe wakati wa zile pushapu alikuwa nayo tayari. Na Lowassa, ambaye kina mama wa sokoni na vijana wa kijiweni walikwisha kumzika mara nyingi kwa maneno, alifariki Februari 10, 2024, karibu miaka mitatu baada ya mwenzake.

Basi ni nani aliyejua? Si wewe wala mimi, si aliyeshangilia wala aliyezomea. Jukwaa la kampeni si chumba cha daktari. Pushapu haipimi moyo, na hotuba fupi haipimi damu.

Labda utaniuliza, "Mwalimu, ina maana uvumi wa ugonjwa siku zote ni uongo?" Hapana. Nikikuambia hivyo nitakuwa nakudanganya. Mwaka 1944 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aligombea tena akiwa mgonjwa sana wa moyo na shinikizo la damu. Wananchi waliambiwa ni mzima. Alishinda Novemba, akafariki Aprili 12, 1945. Waliokuwa wakinong'ona walikuwa na haki. Makamu wake, Harry Truman, aliapishwa siku ile ile na kazi ikaendelea, vita kuu ikiwa bado inapiganwa.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Katika nchi yetu, unapompigia kura mgombea urais unampigia pia mgombea mwenza wake. Kura ni moja, watu ni wawili. Katiba inasema Rais akifariki au akishindwa kazi kwa maradhi, Makamu wa Rais ataapishwa kumalizia kipindi kilichobaki. Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais kwa kanuni hiyo, siku mbili tu baada ya msiba kutangazwa. Mwaka 2015, katika mikutano niliyohudhuria mimi, sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza mgombea mwenza ni nani, amefanya kazi gani, ana mawazo gani juu ya ardhi yetu na barabara zetu. Tulikuwa tunahesabu pushapu. Kama kweli afya ya mgombea inakutia wasiwasi, na si vibaya kuwa na wasiwasi, basi swali la kuuliza ni hilo. Mwenzake ni nani? Swali hilo lina jibu, na jibu linapatikana mchana kweupe, bila kunong'ona.

Katiba haikuishia hapo. Ikiwa Rais yuko hai lakini hawezi kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili, Baraza la Mawaziri laweza kumwandikia Jaji Mkuu. Jaji Mkuu huteua bodi ya madaktari wasiopungua watatu, nao humpima na kutoa taarifa. Utaratibu huo upo katika ibara ya 37. Waliotunga sheria walijua kwamba kiongozi ni mtu, na mtu huugua.

Na mgombea akifariki kabla ya siku ya kura? Hili nalo limepata kutokea, wala halikufichwa. Mwaka 2005 kura ilikuwa ipigwe Oktoba 30. Siku chache kabla ya hapo Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, akafariki. Tume ya Uchaguzi ilitangaza, na uchaguzi wa Rais wa Muungano na wabunge ukasogezwa mpaka Desemba 14. Hapa mkoani kwetu, mwaka 2015, Mama Celina Kombani, waziri na mgombea ubunge wa Ulanga, alifariki Septemba 24 akiwa India kwenye matibabu. Ilitangazwa, na uchaguzi wa mbunge katika jimbo lile uliahirishwa. Watu wa Ulanga hawakupoteza haki yao. Walichagua mbunge baadaye.

Ningalijua kulieleza jambo hili Jumamosi ile ya mwaka 2015, bibi yangu angalitoka Jumapili na kadi yake. Ningemwambia, "Bibi, mgombea akifa uchaguzi wake huahirishwa. Kama kituo kimefunguliwa na jina lake liko kwenye karatasi, wewe tia alama yako." Ni maneno mafupi kabisa. Nilikuwa na cheti mfukoni na sikuyajua.

Nina neno pia kwa wale walio upande wa pili, yaani wagombea, vyama vyao na wakubwa wa serikali. Tunaambiwa wananchi wanapenda umbeya. Ni kweli wapo. Lakini uvumi hukua mahali ambapo mkubwa hasemi na mdogo haruhusiwi kuuliza.

Wazee wa Matombo na Kinole wanazo habari za mumiani tangu enzi za ukoloni, kwamba eti kuna watu wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa. Vijana husikia hadithi hiyo na kucheka. Mimi sicheki sana. Serikali ya wakoloni haikuwa na desturi ya kumweleza Mluguru kitu. Ilitoa amri. Ndivyo ilivyowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, mpaka ghasia zikazuka kule Matombo mwaka 1955. Mtu asiyeambiwa mambo yanayohusu shamba lake na mwili wake atajieleza mwenyewe kwa hofu yake.

Kule Kenya, mwaka 1976, Mzee Jomo Kenyatta akiwa mzee sana, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwaonya watu kwamba ni kosa la jinai hata kuwaza kifo cha Rais. Je, watu waliacha kuwaza? Walinong'ona zaidi. Mzee Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978, na Makamu wake, Daniel arap Moi, akashika nafasi kama Katiba yao ilivyosema.

Na sisi tulipita katika siku kama hizo mwezi Machi 2021. Rais hakuonekana kwa zaidi ya majuma mawili. Maneno yalitapakaa kwamba yuko Nairobi, mara yuko India. Tukaambiwa yupo anachapa kazi, na baadhi ya waliosambaza habari za ugonjwa wake walikamatwa na polisi. Kisha likaja tangazo la msiba. Sikubaliani na waliobuni kwamba yuko hospitali hii au ile, maana hawakumwona. Lakini nadhani neno moja la ukweli lililosemwa mapema lingaliwanyamazisha waongo wengi kuliko pingu. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya mkulima ni siri yake na daktari wake, na iwe hivyo. Anayeomba kazi ya kutuongoza sote ametoka katika siri hiyo kwa kiasi fulani. Naona ingefaa kila mgombea urais aseme mwenyewe hali ya afya yake, kwa kifupi, kabla ya wengine hawajamsemea. Najua wako wanaosema hilo litawavunja moyo wagonjwa wanaofaa uongozi. Mimi sioni hivyo. Mtu mwenye kisukari anayekula dawa zake na kufuata masharti anaweza kufanya kazi miaka mingi. Kijijini kwetu tunao wenyeviti na walimu wa namna hiyo, na tunawachagua kila siku tukiwa tunajua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninaposema tutulie sina maana tufunge midomo. Kuuliza ni haki yako. Mwulize aliyekuletea habari, "Uliona wewe, au uliambiwa? Aliyekuambia aliona? Ilitangazwa wapi?" Ukipata "niliambiwa" mara mbili mfululizo, iache hapo hapo. Usiipeleke kwa jirani eti akusaidie kuichunguza, kama nilivyofanya mimi kwa simu. Sikiliza redio zaidi ya moja, na kama betri zimekwisha nenda kwa mwenye redio. Mtendaji wa kijiji naye yupo, mwulize kama Tume imetoa tangazo. Kwa simu uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mkulima wa njegere hana fedha za faini wala siku za kukaa mahabusu kwa ajili ya sauti ya mtu asiyemjua.

Liko jambo jingine la aibu ambalo nimeliona. Sisi Waluguru tuna watani wetu, na utani wa msibani tunaujua. Mtani anaweza kulala juu ya jeneza akadai alipwe ndipo maiti apite. Ni ruhusa, kwa sababu kuna undugu ndani yake. Utani wa kampeni juu ya mgonjwa hauna undugu huo. Nimemsikia kijana akiigiza mkono wa mgombea unavyotetemeka, watu wakacheka, na pembeni pale alikuwa amekaa mzee wa kijiji aliyepooza upande mmoja. Mzee aliangalia chini. Siku iliyofuata hakuja barazani.

Wakati wa kampeni za mwaka 2020 nilikuwa nimekwisha kuhamia kijiji kingine, upande wa Mkuyuni, kwenye ndizi na viungo. Jioni moja kijana wa bodaboda alisimama mlangoni mwa darasa, hata injini hakuzima. "Mwalimu, mmesikia? Mgombea amezidiwa, yuko mahututi."

Nilitaka kujibu, lakini mama mmoja wa dawati la mbele alinitangulia. "Karibu baba. Ulimwona?"

"Hapana mama, nimetumiwa."

"Na nani?"

Kijana akatazama simu yake. Namba hakuifahamu.

"Mgombea mwenza wake ni nani?" mama akauliza tena. Kijana hakujua. Darasani nako, nasikitika kusema, walijua wanne tu. Basi tukaandika ubaoni majina ya wagombea urais tuliowakumbuka, na mbele ya kila jina tukaacha nafasi ya jina la mwenzake. Nafasi tatu hatukuweza kuzijaza, nikawaagiza wakaulize nyumbani. Kijana alikuwa amekwisha kuzima injini. Alikaa kwenye dawati la nyuma mpaka mwisho, tukarudi kwenye hesabu za mikungu ya ndizi.